Kofia ya Zvane

Zvane alikivalisha kisiki koti bovu, akakitwika kofia mpya ya rangi ya chungwa, kisha akarudi nyuma hatua kumi akitazame. Akacheka peke yake. Ukitazama kutoka angani, mtu ni kofia tu.

"Haya, Livio," alisema. "Mpige picha mjomba wako."

Biba, mbwa wake, alikinusa kile kisiki, akapiga chafya.

Wiki tatu Zvane hakuwa na raha. Livio, jirani wa ng'ambo ya barabara, alipunguzwa kazi kwenye karakana ya meli, na sasa alikuwa anaunda droni juu ya meza ya jikoni. Kila siku Zvane alimwona dirishani akichomelea nyaya: mikono minne ya bomba jeusi, mota nne, mapangaboi manne, na tumboni kamera ndogo kama kiberiti. Eti ya kupigia picha vijiji vya vilimani vikielea kwenye ukungu. Picha! Msimu wenyewe ni wa uyoga mweupe, ule ghali wa chini ya ardhi ambao mbwa ndiye huunusa, halafu mtu mzima anaunda jicho la kuruka na kusema ni la picha. Akamdanganye mtoto mdogo.

Bondeni kwao, mtu hamwonyeshi mwenzake anapochimba. Zvane alielekezwa na baba yake siku aliyokuwa akikata roho, na hata Roža, mkewe wa ndoa ya miaka arobaini na moja, hapajui mpaka leo. Simu huiacha nyumbani kwenye mkebe wa mkate, maana simu nazo zina umbeya. Mwaka jana mzee Pave alianguka huko huko msituni, akapatikana siku ya nne, mbwa wake amemlalia miguuni. Kijiji kizima kililia. Zvane alilia pia, ila kilichomuuma zaidi ni kwamba sasa kila mtu alijua Pave alikuwa akichimba wapi.

Na maswali ya huyu Livio!

"Mjomba, asubuhi huwa unatoka saa ngapi?"

"Unataka kunisindikiza?"

"Aa, nauliza tu. Na koti lako ndilo hilo la kijivu? Msituni huonekani kabisa."

"Ndiyo raha yake, kijana."

Siku droni iliporuka mara ya kwanza, ilipaa kimo cha paa, ikapinduka, ikatumbukia kwenye kabichi za Roža. Livio alikuwa amefunga pangaboi la kuzunguka kulia mahali pa lile la kushoto. Zvane alicheka mpaka akapaliwa. Roža hakucheka. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye aproni na kumvushia Livio barabara, na jioni akampelekea bakuli la supu ya maharage.

"Siku hizi tunawapikia maadui?" Zvane alimuuliza.

"Kijana yuko peke yake." Kisha akaweka kofia ya rangi ya chungwa mezani. "Na wewe uwe unavaa hii. Wawindaji wasije wakakufyatulia wakidhani ni nguruwe mwitu."

"Nionekane mpaka Italia?"

"Zvane, nakuomba. Mwaka huu sijakuomba kitu kingine."

Alivyomtazama, alishindwa kukataa. Basi kila asubuhi aliivaa, akapungiwa mkono mlangoni, akatembea nayo mpaka mgongoni mwa kilima. Hapo alikivika kisiki, naye akateremka upande wa pili, kuelekea mtoni, kichwa wazi.

Leo Biba alianza kuparura chini ya mialoni mitatu kabla hata hawajafika vizuri. Zvane alipiga magoti, akachimba taratibu, akautoa: mkubwa kama ngumi, harufu yake ikampanda hadi utosini. Jamani! Hajapata mwingine kama huo tangu baba yake afe. Aliinuka haraka mno. Ukingo ulikuwa umelowa, mguu ukateleza, akabiringika mpaka mawe ya mtoni, na akausikia mfupa wa mguu ukikatika.

Aliita. Aliita tena. Kengele ya kanisa ikalia saa sita, mvua ikaanza, na miguu haikuwa na hisia tena. Biba hakumwacha. Alimlalia miguuni. Zvane alipoona vile alimkumbuka Pave, na hofu ikamshika kweli kweli.

Ndipo akasikia mvumo juu ya miti.

Sauti aliyoichukia wiki tatu ilimtoa machozi ya furaha. Aliupunga mkono wake wenye koti la kijivu.

"Livio! Mwanangu, huku! Huku kwenye mialoni! Uyoga wote chukua!"

Mvumo ulikaa juu yake kidogo. Kisha ukapanda kuelekea mgongoni mwa kilima, ukatulia huko muda mrefu.

Jikoni kwa Livio, Roža alikuwa ameketi akinyonga kitambaa cha vyombo, ameipa skrini mgongo. Ndivyo walivyopatana tangu siku alipomwomba aiunde droni: atafute kofia tu, mahali asimwonyeshe.

"Nimeiona, shangazi! Kofia yenyewe. Amesimama wima. Nishuke nimtazame vizuri?"

"Wee! Akikusikia atanuna mwezi mzima."

Roža alifanya ishara ya msalaba, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Pave.

"Irudishe, mwanangu. Tumwache mzee na siri yake."