Kidole cha Piko

Siku hizi kura ni kidole. Ukikiweka, mashine inakutambua, kisha karani anakipaka wino mweusi. Vidole vyangu vimelika alama kwa kusokota kamba za makumbi ya nazi. "Mtu huyu hayupo," mashine ikatangaza mbele ya foleni nzima, nami nikatoka uso chini.

Nyumbani mkwe wangu Zuhura akanipaka kidoleni piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia yenye harufu kali. "Mama, wasije wakakucheka."

Asubuhi bombani nikamkuta Bi Mwanaheri, ninayesokota naye kamba.

"Shoga, nawe umechagua?"

"Kwani mimi si mtu?" Nikamwonyesha kidole changu.

Akacheka, akanyoosha chake. Kilinuka piko. Tukainamia ndoo zetu. Wasokotaji wenzetu wakaja, kila mmoja na kidole cheusi. Harufu ikajaa bombani, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.