Sauti ya Sekunde Tatu

Kibandiko cha kaseti ya gemu kiligoma kutoka. Mjane alikipulizia pumzi ya moto, akakikwangua kwa ukucha wa kidole gumba, sikio lake likiwa mlangoni. Wenzake walikuwa wamekwenda kunywa chai. Alikuwa na dakika kumi.

Kilipobanduka kilifunua kidirisha cha kioo, na chini yake chipu iliyobeba gemu nzima. Kazi yake ofisini hapo ilikuwa kucheza gemu ambazo hazijatoka na kuandika kasoro zake. Hii alikuwa ameijaribu kwa miaka miwili. Jana barua ikaja kutoka makao makuu: mashine mpya ya kuchezea gemu iko njiani, ile ya zamani haitatengenezewa gemu tena, mradi umevunjwa. Kompyuta zilisafishwa siku hiyohiyo. Zilibaki kaseti nane za majaribio. Hizo zingewekwa chini ya taa ya zambarau, ambayo kwa nusu saa hufuta kila kilichomo kwenye chipu, ili chipu zitumike upya. Makao makuu walisubiri chipu nane tupu. Si saba.

Katika hizo nane, moja tu ilikuwa na sauti ya marehemu mume wake: ile ya toleo la mwisho. Mume alikuwa fundi sauti wa ofisi hiyo. Maisha yake yote alirekodi wengine. Yeye mwenyewe alijirekodi mara moja tu, shujaa wa gemu alipokosa msemaji. Mchezaji akianguka shimoni, sauti yake ilisema, "Haya, inuka, twende tena!" Sekunde tatu. Wiki mbili baadaye moyo wake ulisimama. Sauti hiyo ilikaa kwenye kompyuta mpaka ilipopatikana chipu yenye nafasi ya kuibeba. Binti yao alizaliwa baba akiwa kaburini. Sasa alikuwa ameanza kusema "baba", na hakuwa na wa kumwita.

Asubuhi hiyo, kabla ya chai, mjane alikuwa amemfuata msimamizi. Walimwita Kufuli, kwa sababu neno likiingia kwake halitoki. Alikuwa rafiki wa damu wa marehemu, na enzi hizo alimwita mjane "shemeji". Tangu mazishi alimwita "mama" tu, kama anavyoitwa mgeni yeyote.

"Bosi, niachie moja tu. Hiyo ya mwisho. Nakuomba kwa jina la Mungu."

Kufuli hakuinua macho. "Nane ni nane, mama."

"Ni sauti ya rafiki yako."

"Naijua sauti yake." Akavuta droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Saa nane nazifuta mwenyewe. Usiniulize tena."

Mjane alikwenda chooni, akafunga mlango, akasali. Ee Mungu, ulainishe moyo wa mtu huyu. Alisubiri kidogo, akanawa uso, akarudi. Kufuli alikuwa palepale, uso uleule. Ndipo mjane alipokwenda kwenye kibandiko.

Kabatini kulikuwa na mstari wa kaseti za majaribio za gemu nyingine, ya mpira, iliyokwisha kuuzwa madukani mwaka juzi. Hakuna aliyezigusa tena. Alichagua namba sita, ile ambayo golikipa alitoka golini na kukimbilia jukwaani. Ofisi nzima iliwahi kuicheka hadi machozi. Haikuwa na faida yoyote duniani, na kwa hiyo hakuna ambaye angeitafuta.

Akabandika "Mpira 6" juu ya kaseti yenye sauti ya mume wake, akaisimamisha kabatini kati ya tano na saba. Akabandika "Toleo la Mwisho" juu ya ile ya golikipa, akaiweka kwenye trei pamoja na zile saba. Pale kazini hakuna aliyechomeka kaseti ili kuhakiki. Kibandiko kikisema, kimesema.

Kuibeba siku hiyo hakuweza. Tangu barua ije, mlinzi alipekua mikoba yote mlangoni. Ingekaa kabatini mpaka upekuzi uishe.

"Mbona jasho?" mchoraji wa gemu ile alimuuliza waliporudi kutoka kwenye chai.

"Joto tu, dada."

"Joto gani, na feni umeigeuzia kwako peke yako!"

Saa nane Kufuli alibeba trei hadi chumba cha taa, akajifungia. Mwanga wa zambarau ulipenya chini ya mlango. Mchoraji alilia waziwazi. Milima ile na mito ile aliichora nukta kwa nukta, miaka miwili.

"Hata wanangu hawataamini kwamba nilikuwa nafanya kazi," alisema.

Mjane alimshika mkono. Aliona haya, kwa kuwa yeye alikuwa na tumaini na mwenzake hakuwa nalo.

Saa kumi na moja, watu walipoanza kuondoka, Kufuli alimwita mjane kwa kidole. Taa ilikwisha kuzimwa.

"Shemeji," alisema.

Mjane hakuwa amelisikia neno hilo tangu makaburini. Kufuli alifungua mfuko wake wa chakula. Ndani yake, imefungwa kwa kitambaa, ilikuwamo kaseti moja. Kibandiko kilisomeka "Toleo la Mwisho".

"Mimi hawanipekui. Nitakukabidhi nje ya geti. Asubuhi nisingeweza kukujibu, mlango ulikuwa wazi na watu wanasikiliza. Nisamehe." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mtoto amsikie baba yake."

Mjane alikitazama kibandiko alichokibandika mwenyewe.

"Lakini, bosi... walitaka nane."

"Na nane wamepata." Kwa mara ya kwanza siku hiyo Kufuli alitabasamu. "Nimejazia na Mpira 6 kutoka kabatini. Nani ataililia ile?"