Visivyohitaji Kubebwa

Annick hakuwa na muda wa kukagua jina moja moja la vitu ambavyo programu yake ilivihitaji. Baba yake, Gélase, alikuwa amelazwa zahanati huko Kajaga, akipumua kwa mashine. Mama yake, Daphrose, alikaa kando ya kitanda tangu Jumapili bila kufumba jicho. Wauguzi walikuwa wachache, na kila mgonjwa aliangaliwa na mtu wake.

Ndiyo maana Annick aliandika programu: oksijeni ya baba ikishuka, kompyuta ya zahanati impigie mama simu. Ofisini, mtaa wa Asiatique, alikuwa ameijaribu na simu ikalia.

Lakini kompyuta ya zahanati ilikuwa na laini ya simu tu, haikuwa na intaneti. Kila kifurushi, yaani kijiprogramu kilichoandikwa tayari, ambacho programu ilikitegemea kilipaswa kubebwa kwenye flashi, isipokuwa vile vya asili, vinavyokuja na lugha yenyewe ya kompyuta. Hivyo vilikuwapo huko tayari. Annick akaiagiza kompyuta ya ofisi ivitenge: kilichomo ndani ya folda yake ya lugha ni cha asili, kiachwe, kilicho nje kibebwe. Kazi ikaisha chai ingali moto.

Huko Kajaga, programu ikawaka bila kosa, ikaonyesha pumzi za mzee. Sehemu ya kupiga simu ingeamka wakati wa hatari tu.

"Mama, enda ulale," Annick akasema.

"Na mi nikilala, nani atamuangalia?"

"Simu itakuamusha. Ni mi nimeiandika."

Daphrose akamfunika mumewe miguu vizuri. Jirani wa zahanati, mama asiyemjua hata jina, alikuwa amemtandikia mkeka sebuleni kwake na kuwanyamazisha watoto wake. Daphrose akaenda huko, akalala papo hapo, simu kifuani.

Alasiri nzima simu haikulia. Annick, aliyekuwa amerudi ofisini, akamweleza mwenzake Fabrice kwamba baba anapumua vizuri na mama hatimaye amepata usingizi.

Fabrice akafurahi naye. Akamkumbusha kwamba kwa ile sehemu ya kupiga simu walipaswa kumshukuru Sylvère, aliyefanya kazi nao kabla ya kuhamia Kigoma.

"Yule mutu alikuwa na roho nzuri," Fabrice akasema. "Kifurushi cha simu alikitengeneza yeye mwenyewe. Na ili tusiteseke kukitafuta, akakiweka mulemule ndani ya folda ya lugha, pamoja na vile vya asili, humu kwenye kompyuta ya ofisi."