Injini ya Kufikia Tunduma

Elina alilirusha begi la nguo za mumewe juu ya kitanda kilichomo garini, akaubamiza mlango mpaka mafundi wa gereji nzima pale Msasani, jirani na Kawetele, wakageuka.

"Fundi Abbasi! Ulisema asubuhi. Sasa saa sita hii!"

"Nakaza bolti za mwisho, mama. Ukiondoka zikiwa zimelegea utanipigia simu kutoka Mbalizi."

Lilikuwa gari la kulala, la zamani, lenye kitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua. Jacob, mumewe, alilinunua kwa wazungu wawili waliochoka safari, akawa analikodisha kwa wageni wanaokwenda kuona Ziwa Ngosi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: lilikunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka machungani. Kufika Mbeya tu ilikuwa roho mkononi.

Na Elina alitaka kufika mbali kuliko Mbeya. Alitaka kufika Tunduma.

Miaka miwili sasa Jacob alikuwa huko. Ndivyo walivyosema. Aliondoka Jumanne moja na gari lake dogo kwenda Mbeya kununua spea, akasema atarudi kula chakula cha jioni, asirudi. Simu haikupatikana tena. Polisi waliandika, wakachoka. Mwezi wa tatu baada ya hapo, jamaa mmoja wa Kisondela akaapa kamwona mpakani, kanenepa, kashikana mikono na mwanamke mwenye duka la vitenge. Mwingine naye akamwona. Wa tatu akaongeza na mtoto. Hapo Elina aliacha kulia akaanza kukasirika, na tangu siku ile hakupumzika.

Alikasirika shambani akikata ndizi. Alikasirika kanisani, wimbo ukiimbwa. Nguo za Jacob alizifua, akazipiga pasi, akazikunja, ili akamtupie usoni zikiwa safi, yule mwanamke asije akasema kaachiwa mtu mchafu. Angelala humo humo garini, siku tatu, nne, hata wiki nzima, azunguke Tunduma duka kwa duka mpaka amkamate. Ampashe mbele za watu. Basi. Halafu arudi Kawetele akaishi maisha yake.

Ndiyo maana injini ilibadilishwa. Ile ya zamani ingemwacha njiani na hasira zake. Abbasi alimtafutia ndogo iliyotumika, akaifungua yote, akaweka ringi na gasketi mpya. Jana yake waliijaribu kwa kuning'iniza chupa ya lita moja ya petroli na mpira wake, na lita hiyo ikawafikisha karibu na Kiwira. Ile ya zamani ingezimika kabla hawajaumaliza mji. Elina alicheka, kicheko kibaya, kisicho na furaha hata kidogo.

"Sasa nipe kadi ya gari," Abbasi alisema akiinua kichwa. "Nikuandikie namba ya injini, wakubadilishie kwenye kadi. Tunduma ni mpakani, mama. Trafiki wa kule wanafungua mpaka boneti. Namba zisipolingana watasema ni la wizi, litalala kituoni."

"Kadi, kadi! Mnatafuta kunichelewesha tu."

Hata hivyo aliichomoa mkobani. Asubuhi aliikwapua kwenye bahasha ya makaratasi ya Jacob bila hata kuitazama. Kila kilichoandikwa jina la yule mtu kilimtia kichefuchefu.

Abbasi aliinama na tochi ya simu, akasugua chaki juu ya chuma mpaka namba zikajitokeza. Akasoma injini. Akasoma kadi. Akarudia, safari hii kwa kufuatisha na kidole.

"Mbona ulishabadilisha, mama? Namba ni hii hii."

"Nimebadilisha saa ngapi, na wewe injini umeifunga juzi?"

"Njoo uone mwenyewe."

Elina alimpokonya kadi huku maneno makali yamemjaa mdomoni. Herufi na tarakimu zililingana zote. Kisha macho yakapanda juu, kwenye namba ya usajili. Ile haikuwa kadi ya gari la kulala. Ilikuwa ya gari dogo la Jacob.

Aliinama mwenyewe juu ya injini, akazisoma tena.

"Hii injini," aliuliza polepole, "umeitoa wapi?"

"Kwa vijana wa chuma chakavu. Walikuta gari limetumbukia korongoni, kwenye zile kona za juu ya Kiwira, limefunikwa na majani." Abbasi alijifuta mikono kwa tambara. "Walichukua injini tu. Milango imebanwa na mawe, hakuna aliyeifungua. Ila waliniambia, kwa lilivyoelekea, lilikuwa linatoka Mbeya, linarudi huku nyumbani."