Asiyesimama

Baba yake Bilonda aliingia darasani kwa magoti, sikio moja limechanika, vumbi la machimbo limegandia kwenye damu.

"Madame, banataka kuniua. Unifiche!"

Risasi zililia karibu na geti. Nilimsukuma chini ya dawati la nyuma, alipokuwa ameketi binti yake wa miaka mitano, nikawaambia watoto tuendelee na majina ya rangi. Nimetoka Mbeya kuja Dilala, mji wa machimbo ng'ambo ya mpaka, kufundisha Kiingereza. Jambo hili hakuna aliyenifundisha mimi.

Mlinzi wa mgodi akaupiga mlango teke. Kwenye kitako cha bunduki yake zilikuwa zimenata nywele za mtu.

Hapo hapo watoto wangu wakasimama wima, mikono nyuma, kama nilivyowazoesha kila anapoingia mtu mzima, wakaimba kwa sauti moja: "Good morning, sir!"

Bilonda peke yake alibaki ameketi, miguu ameibana mbele ya baba yake.

Mlinzi hakuwaona wengine. "Ule, juu ya nini hasimame?"

"Anaumwa," nikasema.

"Simama, mama," akamwambia kwa upole, huku akiikoki bunduki.

Bilonda hakumtazama. Alinitazama mimi, kisha akaitazama rula iliyokuwa mezani pangu, ile ambayo tangu Septemba nilikuwa nikimchapa nayo kila asiyesimama.

Akasimama.

Soksi yake moja tu ndiyo iliyokuwa bado nyeupe; nyingine ilikuwa imelowa damu.