Namba ya Mlangoni kwa Sihaba

"Namba isiyogawanyika kwangu haijazaliwa!" Mkufya alitamba njia nzima, kola imepigwa pasi hadi inakwaruza shingo.

Katika mji huo, mposaji hukuta namba imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa binti. Akipata namba mbili, bila kutumia moja, zinazozidishwa zikaleta ile, posa inapokelewa. Kivuli cha paa kikifika kizingitini kabla hajapata, anaondoka na harudi tena.

Mlangoni kwa Sihaba ilikuwa 1,000,003.

Mkufya akaanza na tatu, ikabaki moja. Akajaribu saba, kumi na moja, kumi na tatu. Zote zikabakiza nne, kana kwamba zimeambizana. Ukuta ukajaa hesabu, kola ikalowa jasho.

"Mkwe, unaigawanya au unaibembeleza?" shangazi yake Sihaba aliuliza kutoka barazani.

"Inakuja, Shangazi!"

Haikuja. Kivuli kilibakiza upana wa kiganja. Mkufya alikumbuka kwamba 1,000,001 ni 101 mara 9,901. Ni ile tatu tu ya mwisho iliyomkwamisha. Shangazi alipoinama kumimina kahawa, Mkufya alilamba kidole, akafuta tatu, akaandika moja.

"Shangazi, nimeipata!"

"Ile tatu niliandika mimi," sauti ikasema taratibu.

Mkufya akageuka. Sihaba alikuwa amesimama dirishani, kando kabisa ya mlango.

"Niliitafuta wiki nzima namba hiyo isiyogawanyika."

Mkono wake ulishika nondo za dirisha, na vidole vyake, kama vya Mkufya, vilikuwa vyeupe kwa chaki.