Chupa ya Darini

Mzee Aminieli aliileta chupa ile mjini Moshi ili wakubwa wa hospitali waumbuke: walimpa mkewe insulini mbovu, dawa ya ugonjwa wa sukari, akafa.

Daktari aliitikisa. Ndani zilielea nyuzi nyeupe. "Mliiweka wapi, baba?"

"Darini, juu ya meko, pamoja na mbegu." Kwao Machame, kitu cha thamani hukaa pale, kisiliwe na wadudu.

"Joto huiharibu. Wataalamu ndiyo kwanza wanajaribu kuipachika chembe za sukari, labda itahimili joto."

"Sukari imuue mke wangu, halafu iokoe dawa?" Alicheka kwa uchovu. Mikono iliyopandisha chupa ile darini ilikuwa yake. "Mbona hamkusema?"

"Imeandikwa hapa, baba."

Mzee aliichukua, akaisogeza machoni.

"Kwa Kizungu," alisema, akairudisha mfukoni.